Aliyeingia utawani karne ya 16 na 17 aliiacha kweli familia yake? Kisa cha Marie Guyart na mwanawe Claude

#1 Kalamu ya Bibi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna mahubiri ambayo kila Mkatoliki humu ameyasikia: mwenye wito anaacha baba, mama, ndugu na mashamba, anafunga mlango na hageuki nyuma. Nimekaa muda mrefu na maisha ya watawa wa Ulaya wa miaka ile ya Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, 1545 hadi 1563) na baada yake, na kila nikiwasoma kwa karibu nawakuta ndugu zao wamo humohumo ndani. Ndugu ndio waliotoa fedha za kununua nyumba. Ndugu ndio waliozuia, au waliolazimisha. Ndugu ndio waliokuja kulia kwenye nondo za parla, chumba cha kupokelea wageni. Naanza na mtu mmoja, halafu nanyi mlete wa kwenu.

Ni Tours, Ufaransa, Januari 1631. Mjane wa miaka 31, Marie Guyart, anatoka nyumbani kwa dada yake kwenda kuingia kwa masista Waursula. Mtoto wake wa pekee, Claude, ana miaka 11.

Turudi nyuma kidogo. Baba yake Marie alikuwa mwoka mikate. Binti alivutwa na utawa tangu utotoni, lakini wazazi wakamwoza akiwa na miaka 17 kwa fundi wa hariri aitwaye Claude Martin. Aprili 1619 akazaliwa mtoto, na miezi michache baadaye mume akafa, akaacha biashara iliyoanguka na kesi za madeni. Marie akakataa kuolewa tena. Akahamia kwa dada yake, ambaye mumewe, Paul Buisson, alikuwa na kazi ya kusafirisha mizigo huko Tours, kwenye mto Loire. Alianzia jikoni kama mtumishi wa nyumba, akaishia kuendesha biashara nzima ya shemeji. Mwenyewe anaeleza jinsi alivyokuwa akibaki gatini mpaka usiku wa manane, katikati ya wapagazi, wachukuzi na farasi, akisimamia kupakia na kupakua, huku moyoni anasali. Yaani huyu hakuwa mtu wa kukimbia maisha kwa sababu yamemshinda. Aliyaweza.

Jambo lililonisimamisha ni hili: tangu Claude akiwa mdogo sana, mama aliacha kumbembeleza na kumbusu. Alijua siku moja ataondoka, akaona bora mtoto azoee mapema. Claude hakuzoea. Siku chache kabla ya mama kuingia konventi, mtoto alitoroka. Walimtafuta siku tatu, akapatikana Blois, mji mwingine kabisa kwenye mto uleule. Watu wakamwambia Marie hiyo ni alama kwamba Mungu hataki aondoke. Naye aliteseka na wazo hilo, lakini aliingia.

Hapo sasa. Wanafunzi wenzake Claude wakamtania kwamba hana mama, kisha wakamwonea huruma, wakajikusanya kundi zima wakaenda kuizingira konventi kwa kelele na fimbo, wakidai mama wa mwenzao atolewe. Katika makelele yote Marie aliitambua sauti ya mwanawe: "Nirudishieni mama yangu!" Siku nyingine kijana alijipenyeza kanisani, akajaribu kupita kwenye kidirisha ambacho masista walipokelea komunyo. Masista wengine walilia. Marie alidhani watamrudisha nyumbani.

Hawakumrudisha. Mwaka 1639 akapanda meli Dieppe kwenda Canada, akafika Québec tarehe 1 Agosti. Hakurudi Ufaransa tena mpaka alipofariki mwaka 1672. Alijifunza lugha za wenyeji, akaandika makamusi na katekisimu kwa lugha hizo, akafundisha wasichana. Na kila mwaka, meli za kiangazi zilipokaribia kuondoka kurudi Ufaransa, alikaa usiku kuandika barua. Nyingi za barua zile ndefu zilikwenda kwa mtu mmoja: Claude, ambaye mwaka 1641 naye aliingia utawani, kwa Wabenedikto wa Saint-Maur.

Katika barua ya mwaka 1647 alimwambia mwanawe wazi kwamba siku ya kuachana naye alijiua akiwa hai. Katika barua zake anamwomba msamaha, anajieleza, anamsihi aelewe. Mama na mwana, wote watawa, wametenganishwa na bahari, swali na jibu vinachukua mwaka mzima, na hawakukoma.

Swali langu kwenu: nani alikuwa na haki juu ya wito wa mtu katika zama zile? Mwenye wito, wazazi, watoto, shirika, au Kanisa?

---

#2 Tumaini_77

Mkuu, nimeweka kambi hapa. Endelea kushusha, usituache njiani.

---

#3 Mama Wawili

Mimi ni mama. Nimefika pale pa mtoto kutoroka siku tatu nikaweka simu chini. Ndugu mwandishi, nakuheshimu, ila nitasema ninachoamini: mtoto wa miaka 11 aliyepoteza baba hana mwingine. Mungu aliyempa mama huyo mtoto angeweza kusubiri miaka saba mingine. Kanisa liliruhusuje? Na watu wa mjini walinyamaza tu?

---

#4 Kalamu ya Bibi

Dada, hawakunyamaza. Uliyoyasema wewe ndiyo waliyoyasema majirani zake na ndugu zake, na Marie mwenyewe ameyaandika bila kuyaficha. Dada yake alikubali kumlea Claude na kumwekea fungu la matunzo. Zilipokuja habari za Canada, dada huyo aliita mthibitishaji wa hati, akalifuta fungu lile kwa maandishi. Lilikuwa shinikizo la wazi: ukienda, mwanao atabaki mikono mitupu. Marie alikwenda.

Kuhusu Kanisa: ruhusa yake ilipitia kwa padre mwongozaji wake wa kiroho na kwa askofu mkuu wa Tours. Kwa wajane wenye watoto swali lilikuwa kama mtoto ana mlezi na ana cha kula. Machozi ya mtoto hayakuwa kizuizi cha kisheria. Nakubaliana nawe kwamba hapo ndipo penye uchungu.

Ila ngoja nikupe mwenzake, maana tofauti yao inafundisha. Jeanne de Chantal wa Dijon, binti wa rais katika mahakama kuu ya Burgundy, alifiwa na mumewe mwaka 1601 kwa ajali ya uwindaji, akabaki na watoto wanne. Mwaka 1604 akakutana na askofu Fransisko wa Sales, na kutokana na urafiki wao likazaliwa shirika la Maria Kumtembelea Elizabeti, Annecy, tarehe 6 Juni 1610. Siku ya kuondoka Dijon, mwanawe Celse-Bénigne, kijana wa kama miaka 14, alijilaza kizingitini mwa mlango. Mama akapita juu yake. Alipopita akasimama, machozi yakamtoka. Mwalimu wa kijana akamwuliza kama machozi ya mtoto yataweza kumtikisa, naye akajibu kwamba hapana, lakini yeye ni mama.

Watu wanapenda kuishia hapo. Ukiendelea kusoma, unaona Jeanne hakuondoka mikono mitupu wala hakuwatupa. Binti mkubwa, Marie-Aimée, alikwisha kuolewa na Bernard de Sales, mdogo wake Fransisko. Kwa hiyo mwanzilishi mmoja wa shirika akawa mama mkwe wa ndugu wa mwanzilishi mwenzake, na binti yupo jirani na konventi. Binti mwingine, Françoise, aliingia na mama yake akalelewa humo mpaka akaolewa. Mwana alibaki na babu yake. Babu alipofariki mwaka 1611, Jeanne alitoka konventi akarudi Burgundy miezi kadhaa kupanga mirathi na mambo ya watoto. Aliweza kutoka kwa sababu shirika lao mwanzoni halikuwa na klausura kali, yaani sheria ya kutotoka nje ya konventi, na Fransisko alitaka wajane na wanawake dhaifu wa afya wapate nafasi. Klausura kamili ilikuja mwaka 1618, kwa msukumo wa askofu mkuu wa Lyon.

Celse-Bénigne aliuawa vitani dhidi ya Waingereza kisiwani Ré mwaka 1627, akaacha binti mchanga. Binti huyo alikuja kuwa Madame de Sévigné, mwandishi wa barua maarufu kuliko wote wa Ufaransa ya wakati ule. Bibi yake alikuwa bado hai, mkuu wa watawa. Alifariki mwaka 1641.

---

#5 Frateri wa Zamani

Wakuu, nimekaa seminari miaka kadhaa kabla ya kutoka, kwa hiyo mada hii inanigusa. Niongeze upande wa wanaume, hasa Wajesuiti.

Ignasi wa Loyola aliweka katika maandiko ya msingi ya shirika lake kwamba anayeomba kuingia ajizoeze kusema "nilikuwa na wazazi, nilikuwa na ndugu", asiseme "ninao". Mali zake azigawe kwa maskini, asizielekeze kwa jamaa. Yeye mwenyewe alipopita kwao Azpeitia mwaka 1535, kaka yake akitaka alale katika nyumba ya ukoo, Ignasi alilala katika hospitali ya maskini ya Magdalena. Mjini alikaa, akafundisha watoto katekisimu, ila kwa kaka hakuhamia.

Sasa mchukue Luigi Gonzaga, tuliyezoea kumwita Mtakatifu Aloisi. Alizaliwa mwaka 1568, mtoto wa kwanza wa Ferrante, mtawala wa Castiglione, Italia ya kaskazini. Mtoto wa kwanza maana yake ni mrithi wa kiti. Baba aliposikia kijana anataka kuwa Mjesuiti aliwaka, akamtishia viboko. Akampeleka kutembelea majumba ya watawala wengine, ili aonje anachotaka kukiacha. Vuta nikuvute hiyo ilichukua karibu miaka miwili. Na hata baba alipokubali, bado haikutosha: Castiglione ilikuwa chini ya Kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi, hivyo ili Luigi amwachie mdogo wake Rodolfo urithi ilibidi Kaisari aidhinishe. Hati ikatiwa sahihi Mantua Novemba 1585, Luigi ana miaka 17, na mwezi huohuo akaingia unovisi, kipindi cha majaribio, huko Roma. Miezi michache baadaye baba akafa.

Mwaka 1589 nani aliyeitwa nyumbani kumaliza ugomvi kati ya Rodolfo na mtawala wa Mantua juu ya Solferino? Luigi, na wakuu wake wa shirika ndio waliomtuma. Akawapatanisha. Halafu akakuta Rodolfo amemwoa kwa siri Elena Aliprandi, msichana wa hadhi ya chini kuliko yake, na watu wanadhani ni hawara. Luigi akamsimamia mdogo wake mpaka akaitangaza ndoa hadharani. Novisi wa juzi, mwenye kanuni ya kusema "nilikuwa na ndugu", ndiye mtu pekee ambaye ukoo mzima ulimsikiliza.

Alikufa Roma Juni 1591, ana miaka 23, baada ya kuhudumia wagonjwa wa tauni. Rodolfo aliuawa mwaka 1593. Kiti kikaenda kwa mdogo wao Francesco, ambaye akiwa balozi wa Kaisari huko Roma aliipigania kesi ya kaka yake, na mwaka 1605 Luigi akatangazwa mwenye heri. Na mabinti watatu wa Rodolfo na Elena, wale wa ndoa ya siri, mwaka 1608 walianzisha nyumba ya mabikira wa Yesu palepale Castiglione.

Nikiiangalia hesabu hiyo, sioni ukoo uliopoteza mtu.

---

#6 Tumaini_77

Hapo pa mabinti wa Rodolfo sikuwahi kupajua kabisa. Asante Frateri.

---

#7 Nuru ya Kata

Naomba tuseme na upande mwingine, maana mpaka sasa tunazungumzia waliotaka kuingia wakazuiwa. Vipi waliolazimishwa? Nimewahi kusoma kwamba Italia mabinti walijazwa konventini ili baba asigharamie ndoa. Kama ni kweli, hiyo si wito, ni gereza.

---

#8 Kalamu ya Bibi

Nuru, ni kweli, na ndiyo sehemu inayoniuma kuliko zote.

Kwanza tuelewe desturi yao. Kule mahari haikutoka kwa mwanamume. Ilitoka kwa baba wa binti, ikaenda na binti kwa mumewe. Katika koo kubwa za Venice mahari ya ndoa ilipanda mpaka ikatisha. Konventi nayo ilidai mahari, lakini ndogo zaidi. Baba mwenye mabinti wanne akawa anaoza mmoja, wengine anawapeleka kwa masista. Na kwa wavulana ilikuwa vilevile: mara nyingi kaka mmoja tu ndiye aliyeoa, wengine wakabaki makapera, ili mali isigawanyike. Ukoo ulijibana kila upande kulinda jina na nyumba.

Mtaguso wa Trento ulijua. Katika kikao chake cha 25, Desemba 1563, uliweka sheria: hakuna nadhiri kabla ya miaka 16 wala kabla ya mwaka mzima wa unovisi. Binti ahojiwe na askofu au mtu aliyetumwa naye, kama anajua anachofanya na kama anakifanya kwa hiari. Anayemlazimisha mwanamke kuingia utawani anatengwa na Kanisa. Na katika sura hiyohiyo, anayemzuia bila sababu ya haki mwanamke anayetaka kuingia naye anatengwa. Baba anayemzuia binti na baba wa Venice anayemlazimisha wamewekwa kapu moja. Aliyedai kwamba alilazimishwa alipewa miaka mitano tangu siku ya nadhiri kupeleka shauri lake.

Sheria ilikuwa nzuri. Lakini fikiria binti wa miaka 16, amelelewa konventini tangu ana miaka tisa au kumi, shangazi yake ni sista humo humo, hana mahari ya kuolewa, anaulizwa dirishani: "Unaingia kwa hiari yako?" Atajibu nini? Akisema hapana, anarudi wapi?

Elena Tarabotti wa Venice, aliyezaliwa mwaka 1604, ndiye aliyelisema hilo kwa sauti. Aliwekwa katika konventi ya Sant'Anna akiwa bado mtoto, mwaka 1620 akavishwa mavazi, mwaka 1623 akafunga nadhiri kwa jina la Arcangela. Alijifunza kuandika kwa jitihada zake mwenyewe, akaandika kitabu juu ya udhalimu wa akina baba, kwamba wanamtolea Mungu kile wasichokitaka wao, wanamchagulia mabinti vilema na wasio na bahati, halafu wanaita sadaka. Kilichapishwa mwaka 1654, miaka miwili baada ya kifo chake, kikafichwa chini ya jina laini zaidi, na baadaye kikapigwa marufuku na Roma. Yeye hakutoka Sant'Anna. Alifia humo.

Na kuna hali ambazo siwezi kuziweka upande wowote. Galileo, mwanasayansi, alikuwa na mabinti wawili aliozaa na Marina Gamba nje ya ndoa. Mwaka 1613 aliwapeleka wote katika konventi maskini ya San Matteo, Arcetri, mkubwa ana miaka 13. Hawakuwa na nafasi ya kuolewa vizuri kwa jinsi walivyozaliwa. Mdogo, Livia, maisha yake humo yalikuwa ya ugonjwa na huzuni. Mkubwa, Virginia, akawa Sista Maria Celeste, na barua zake 124 kwa baba yake zipo mpaka leo. Anamshonea kola, anamtengenezea matunda ya sukari, anamwomba fedha za konventi, anampangia mambo ya nyumba. Mahakama ya Kanisa ilipomhukumu Galileo mwaka 1633 na kumpa adhabu ya kusali zaburi saba za toba kila wiki, binti aliomba azibebe yeye. Alikufa Aprili 1634, baba yupo jirani tu, amefungiwa nyumbani.

Je, baba huyo alimdhulumu binti? Nadhani ndiyo. Je, binti alikuwa na wito? Kwa barua zile, nadhani ndiyo pia.

---

#9 Mhasibu Mstaafu

Vijana, mimi huwa nauliza swali moja tu: fedha ilitoka wapi? Naomba niwaletee Teresa wa Avila kwa upande huo.

Teresa aliondoka kwao mwaka 1535 bila ruhusa ya baba. Ameandika kwamba wakati wa kutoka ilikuwa kana kwamba kila mfupa wake unaachana na mwingine. Basi, akaingia kwa Wakarmeli wa Encarnación. Konventi ile ilikuwa kubwa mno, na ukoo uliingia nayo: mwenye jina kubwa aliitwa kwa cheo chake, akawa na vyumba vyake, ndugu na watumishi humo. Teresa naye alimlea humo mdogo wake Juana.

Alipotaka kuanzisha nyumba ndogo, ya masista wachache, bila vyeo vya ukoo, fedha ilitoka kwa nani? Wa kwanza kuahidi ni msichana wa ukoo wake mwenyewe, María de Ocampo, aliyesema atatoa dukati (sarafu za dhahabu) elfu moja. Nyumba ikanunuliwa kwa jina la shemeji yake, mume wa Juana, ili watu wasistuke. Na fedha iliyookoa kazi ilikuja kutoka Amerika Kusini, kwa kaka yake Lorenzo aliyekuwa Quito. Barua ya Teresa ya kumshukuru, ya Desemba 1561, ipo. Konventi ya Mtakatifu Yosefu ikafunguliwa tarehe 24 Agosti 1562. Humo Teresa alifundisha kwa ukali kwamba masista wajiepushe na jamaa zao, kwa kuwa jamaa wanaleta mahangaiko ya dunia. Nyumba ile ile iliyosimama kwa fedha ya jamaa.

Lorenzo alirudi Hispania mwaka 1575 na watoto. Binti yake, Teresita, akaingizwa konventi ya shangazi akiwa bado mdogo. Kaka alipofariki, akamwachia Teresa mzigo wa kusimamia wosia, na wosia ukazaa kesi na upande wa mama mkwe wa mwana wa Lorenzo. Mwaka 1582, mwaka wa kifo chake, Teresa alifika konventi ya Valladolid, aliyoianzisha mwenyewe. Mkuu wa nyumba alikuwa María Bautista, yaani yule yule María de Ocampo wa dukati elfu. Katika kesi ya wosia María alishika upande wa pili, akamwambia Teresa aondoke. Bibi wa miaka 67, mgonjwa, anatolewa mlangoni na mtu wa damu yake ambaye pia ni binti yake wa kiroho.

Kazi yangu imenionyesha mirathi mingi. Huo naujua ulivyo.

---

#10 Kijana wa Mkoani

Wakubwa, shikamooni. Naomba kuuliza kama hili linaingia. Yusuf bin Hasan wa Mombasa: baba yake, Sultani Hasan, aliuawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno, na mtoto akapelekwa Goa, koloni la Wareno huko India, akalelewa na watawa Waagustino, akabatizwa jina la Jerónimo. Mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Agosti 1631 akaasi, akarudi kwenye dini ya baba yake, na katika mauaji yale waliuawa Wareno na mapadre Waagustino pia. Shirika lilijaribu kuwa baba badala ya baba.

---

#11 Kalamu ya Bibi

Kijana, marahaba. Linaingia, na nashukuru umelileta. Yusuf hakuwa mtawa, lakini wazo la Goa lilikuwa lilelile: mtoto akikaa vya kutosha na watawa, ukoo wa damu utafifia. Kilichowashtua Wareno wa Mombasa ni taarifa kwamba alionekana akisali kwenye kaburi la baba yake kwa desturi ya Kiislamu. Na walioathirika walikuwa wengi, pamoja na Wakristo wa Mombasa wenyewe, kwa hiyo tukilijadili tulijadili kwa uzito wake. Nadhani linastahili uzi wake peke yake. Uanzishe, mimi nitakuja.

Mhasibu, shikamoo mzee. Hapo pa Valladolid umenifunga mdomo.

---

#12 Mama Wawili

Nimesoma yote. Bado niko na yule mtoto wa Tours. Naomba jibu moja tu: Claude alimsamehe mama yake?

---

#13 Kalamu ya Bibi

Dada, nitakupa aliyoyafanya, uamuzi nakuachia wewe.

Kwanza alijaribu kuingia kwa Wajesuiti, wakamkataa. Wabenedikto wakampokea. Alipanda mpaka akawa msaidizi wa mkuu wa shirika lake lote la Saint-Maur. Miaka mingi alimsumbua mama kwa barua, anadai amwandikie habari za roho yake tangu mwanzo, na sababu za kumwacha. Mama alikataa, alikwepa, mwishowe mwaka 1654 akamtumia maelezo marefu, na kumwomba asiyaonyeshe kwa watu.

Mama alipofariki, Claude aliyachapisha. Kitabu kilitoka mwaka 1677, na barua mwaka 1681. Hakuyachapisha hivihivi: kila baada ya sehemu ya maneno ya mama akaweka nyongeza yake mwenyewe. Pale mama alipoandika kwa kifupi kuhusu kuondoka kwake, mwana akajazia. Kutoroka kwenda Blois, wanafunzi na fimbo zao, yeye kujipenyeza kanisani: mengi ya tunayoyajua kwa undani tunayajua kwa sababu yule mtoto, akiwa mzee wa karibu miaka 60 na mtawa wa miaka mingi, aliamua yabaki kwenye kitabu cha utakatifu wa mama yake. Angeweza kuyaacha, hakuna ambaye angeyadai. Aliandika pia kwamba mama alitenda kwa mwito wa Mungu. Vyote viwili vimo, kitabu kimoja, mkono mmoja.

Kanisa lilimtangaza Marie mtakatifu mwaka 2014. Claude alifariki mwaka 1696 katika monasteri ya Marmoutier, nje kidogo ya Tours.

---

#14 Mama Wawili

Asante. Nitakitafuta hicho kitabu nisome nyongeza za mwana kwanza.